Glavu Zilizokwenda na Nyota

Agafia alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na vidole. Si vyake peke yake. Vya binadamu wote. Kidole, alikuwa akisema, ndicho kiungo cha kwanza kumkana mwenyewe. Baridi ikibisha hodi tu kinageuka karoti, hakifungi kifungo, hakikuni hata pua. Ndiyo maana mabegi ya dharura ya ndege aliyakagua nje, juu ya barafu ya mto, akiwa amevaa zile glavu nene za manyoya zenye chumba kimoja cha vidole vyote na kijichumba cha gumba. Chochote kilichomlazimisha kuvua glavu hakikurudi begini kama kilivyotoka. Zipu alizifunga vitanzi vya kamba. Njiti za kiberiti alizifunga vichane vichane, ili mtu akamate kichane kizima kwa ngumi na kukikwaruza. Kisu, kijiko na kifuniko cha jiko, vyote vilikuwa na mikia ya kamba kama panya.

"Ndani ya banda la ndege kuna hita, dada," Wassillie alimpigia kelele kila alipopita na kikombe chake cha kahawa. "Au umegombana nayo?"

"Wewe ukianguka utaangukia ndani ya banda?"

"Nikianguka nitakuita uje unifungulie zipu."

"Nitakuja. Nitakukuta umeganda mwili mzima, mdomo tu ndio bado unacheza."

Wassillie alikuwa mdogo wake wa kufuatana, rubani wa ile ndege nyekundu, na mtu wa vidole vinane vya miguu. Viwili vilibaki milimani majira ya baridi yaliyopita. Injini ilimzimikia hewani, akaitua ndege juu ya ziwa lililoganda, tena akaitua vizuri mpaka akajipongeza kwa sauti na hapakuwa na mtu wa kumsikia. Akavuta begi la dharura, akalifungua atoe soksi nzito za sufu abadilishe zile zilizolowa. Soksi hazimo. Na aliyezichukua alimjua vizuri sana, maana alimnyoa ndevu kila asubuhi kwenye kioo.

"Nilijiibia," alikuwa akisimulia, na watu walicheka kwa kuwa yeye ndiye aliyeanza kucheka. "Mwizi mwenyewe mimi, mwibiwa mimi, na hakimu alikuwa baridi. Sasa viatu vinanikaa vizuri kuliko zamani."

Kosa lile si lake peke yake. Lilikuwa la mji mzima, na lilikuja kila Januari na Slaviq, Krismasi ya kalenda ya zamani. Nyota ya mbao na karatasi ikianza kubebwa nyumba kwa nyumba, waimbaji nyuma yake na nusu ya mji nyuma ya waimbaji, mwenye nyumba anapika, anawalisha, na hakuna anayetoka mlangoni mikono mitupu. Huyu soksi, huyu glavu, yule sabuni, mwingine hata birika. Duka moja la mji huwa limeshakauka siku ya pili. Halafu nyota iko barazani, nyimbo zimeanza, na wewe umehesabu vibaya. Ukikumbuka kwamba kule bandani kuna mabegi yamejaa soksi na glavu mpya kabisa, mguu unakwenda wenyewe. "Nitarudisha kesho," kila mtu alisema hivyo, na wote walisema kweli, ila kesho hiyo nyota ilikuwa nyumba ya jirani na wao walikuwa mezani.

Mwaka huo Lorna aliamua kwamba imetosha. Lorna ndiye mwenye kampuni ya ndege, mama wa makamo aliyerusha ndege miaka mingi mpaka sikio lake moja likapungua nusu kwa baridi. Alhamisi ndege ya mizigo ilimletea masanduku. Yalikuwa ya rangi ya machungwa, madogo, mazuri, yamefungwa kwa plastiki nene na lakiri juu yake. Aliyapanga mezani, akamwita Agafia.

"Kila kitu kimo," alisema. "Hakuna wa kuchokonoa. Lakiri ikikatika, nitajua. Ikiwa nzima, ndege inapaa. Na Jumatano Wassillie anarudi njia ya milimani. Simrushi tena na begi lenye mashimo, Agafia. Nilimtoa kule kwa mikono yangu. Nilimvua kiatu mimi mwenyewe."

Agafia alilishika sanduku, akaligeuza, akalitikisa karibu na sikio kama mtu anayenunua nazi.

"Linafunguliwaje?"

"Kuna utepe hapa. Unauvuta."

"Unauvuta kwa kitu gani?"

"Kwa vidole, kwa nini tena!"

Agafia aliliweka chini polepole. "Bosi, mimi huyu mdogo wangu ni mmoja. Akikaa kule juu na kitu asichoweza kukifungua, lakiri yako itakuwa nzima mpaka tumzike nayo."

"Na akikaa na begi lako lisilo na soksi?"

Agafia alilisukuma sanduku kando. Alisimama, akakunja mikono kifuani.

"Jumamosi mchana," alisema. "Chagua begi lolote, ndege yoyote. Nitatoka nalo mtoni nikiwa nimevaa kama rubani anavyovaa ndani ya ndege, na glavu zile nyembamba, si hizi zangu. Wewe kaa garini. Kama begi limekamilika na nimekuchemshia chai, masanduku yanarudi yalikotoka."

"Na kama kitu kimekosekana?"

"Basi weka masanduku yako, na mimi nitakwenda kuuza samaki."

"Hujui kuuza samaki," alisema Wassillie kutoka mlangoni. "Utawakagua mpaka wateja wazeeke."

*

Jumamosi jua lilijitokeza kidogo upande wa kusini, likakaa juu ya miti mifupi kama mgeni asiyetaka kuvua koti. Baridi ilikuwa ile ya kufanya nywele za puani zilie. Lorna alizunguka bandani, akapita ndege moja baada ya nyingine, akasimama kwenye ile nyekundu.

"Hili," alisema.

Agafia nusura acheke kwa furaha. Katika mabegi yote hilo ndilo lililokuwa kipenzi chake. Zipu yake ilikuwa imekatika kabla ya sikukuu. Alilichukua nyumbani, akashona nyingine kwa uzi wa nailoni, akatia nta, akalirudisha. Hata glavu za begi hilo alizishona yeye mwenyewe, za ngozi nje na manyoya ndani, baada ya Wassillie kurudi na vidole pungufu.

"Umechagua vizuri, bosi," alisema. "Lete na kikombe."

Walishuka mtoni. Lorna aliendesha gari lake mpaka katikati ya barabara ya barafu, akalisimamisha, akaacha injini inanguruma na madirisha yamefungwa. Agafia alitembea mbele kidogo, akachagua mahali penye upepo, maana rubani hachagui mahali pa kuangukia. Wassillie alikuja nyuma yake akichechemea kwa madaha.

"Mimi ni shahidi," alisema. "Nikiona unaganda nitapiga picha kwanza."

Agafia alipiga magoti, akaingiza ngumi kwenye kitanzi, akavuta. Zipu ilifunguka yote kwa mvuto mmoja. Akatoa mfuko wa kulalia, akaukalia. Akatoa jiko, sufuria, chupa ya mafuta, kopo la njiti, mshumaa, soksi za sufu. Soksi zimo! Alizipunga juu ili Lorna azione. Akatumbukiza mkono mfuko wa pembeni, pale penye glavu.

Mkono ukagusa kitambaa cha chini.

Alitafuta tena. Akageuza mfuko nje ndani. Akapapasa begi lote, huku anajua tayari, kwa sababu kabla mkono haujafika mara ya pili, kichwa kilikuwa kimeshafika nyumbani kwake, jikoni, usiku wa pili wa Slaviq. Nyumba imejaa mpaka watu wamekaa juu ya mashine ya kufulia. Zawadi zimekwisha. Evon, yule jitu la mtu anayebeba nyota, ndiye wa mwisho kutoka, na amesimama mlangoni na mikono yake kama makasia, myekundu, mitupu. Na kwenye kona, karibu na cherehani, begi limefunguliwa, linangoja zipu.

"Glavu hizi zinanifikisha mji wa Anchorage kwa miguu," Evon alisema siku ile, akizipiga makofi.

Nitarudisha kesho, Agafia alijiambia siku ile. Kesho yake alishona zipu, akaitia nta, akajisifu.

"Nini?" Wassillie aliuliza. Kisha akaona uso wake, akaacha kutabasamu. "Hazimo?"

"Hazimo."

Wassillie aliangalia gari. Vioo vilikuwa vimejaa ukungu, Lorna anaonekana kama kivuli. Akavua glavu zake nene harakaharaka, akazisogeza kwa mguu juu ya theluji. "Chukua zangu. Haoni. Chukua, dada, usiwe mjinga."

"Vaa glavu zako."

"Agafia..."

"Vaa! Vidole vya miguu umeshatoa, unataka kuongeza na vya mikono?"

Akasimama, akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti mpaka kunguru wakaruka kutoka kwenye jaa la mji.

"Bosi! Glavu hakuna!"

Dirisha la gari likashuka kidogo. "Umesema?"

"Glavu hakuna! Na mwizi ni mimi! Nilimpa Evon!"

Dirisha likashuka lote. Kisha Lorna akasema, na sauti yake haikuwa ya kushangilia hata chembe: "Basi rudi. Yamekwisha."

"Rubani akikosa glavu anarudi wapi?" Agafia alifoka. "Kaa garini! Kikombe kiko wapi? Kiweke tayari!"

Akapiga magoti tena.

Sasa, glavu nyembamba za rubani ni kama ahadi za mlevi, zipo lakini hazikusaidii. Gumba lake lilikuwa limeanza kufa ganzi. Na kilichokuwa mbele yake kilikuwa kibaya kuliko yote: mafuta ya jiko. Mafuta yale hayagandi. Yanakuwa baridi kama nje, na tone likipita kwenye glavu nyembamba likagusa ngozi, linaiunguza papo hapo kama moto. Wassillie alijua hilo.

Agafia aliangalia vitu vyake vilivyopangwa juu ya theluji. Akaokota soksi za sufu. Akazivaa mikononi, hadi kwenye viwiko, juu ya glavu nyembamba.

"Unafanana na sungura," Wassillie alisema kwa sauti ndogo.

"Sungura hajawahi kuganda."

Alikamata chupa kwa viganja viwili. Akauma mkia wa kamba wa kifuniko kwa meno, akauvuta, kifuniko kikafunguka. Akamimina mafuta polepole huku mikono imekaza kama mtu anayembeba mtoto mchanga, na tone moja likadondoka, likaangukia theluji, si soksi. Akapampu jiko kwa kisigino cha kiganja. Akashika kichane cha njiti kwa ngumi ya sufu, akakikwaruza kwenye kopo. Hakikuwaka. Akakwaruza tena. Hakikuwaka. Mkono wa kulia ulikuwa umeacha kumpa habari, akautazama kwa macho aone kama bado umeshika kitu. Umeshika. Akakwaruza mara nyingine, kwa hasira ya watu wote waliowahi kusema nitarudisha kesho, yeye akiwa wa kwanza, na kichane kizima kikalipuka moto.

Jiko likakohoa, likakasirika, kisha likaanza kuvuma sauti yake ya bluu.

"Haya!" Wassillie alipiga kelele na kurukaruka kwa mguu mzima. "Haya, sungura!"

Agafia aliinamia sufuria. Alijaza theluji sufuriani kwa soksi, akaikumbatia sufuria kwa magoti isipeperushwe, akakaa pale mpaka maji yakatokota. Mikono ilipoanza kurudi, ilirudi na maumivu yale ya sindano, machozi yakamtoka na kugandia kwenye kope. Akayaacha. Akatia majani ya chai, akaibeba sufuria mpaka kwenye gari, akagonga kioo kwa kiwiko.

Lorna alifungua mlango, akampisha aingie, akajimiminia chai kikombeni. Akanywa. Akanywa tena. Wassillie akajibana kiti cha nyuma.

"Juzi usiku," Lorna alisema akiangalia ndani ya kikombe, "nilitoka nje na lile sanduku. Nilivaa glavu. Utepe ukanishinda. Nikavua moja, bado. Mwishowe nikalifungua kwa meno, na jino hili tangu siku hiyo linauma." Akageuka. "Kwa hiyo niambie wewe. Sanduku halifunguki, begi linavuja. Nimpe mdogo wako kifo kipi?"

"Weka kufuli kwenye banda," Wassillie alisema.

"Ufunguo utakaa kwa nani? Kwake? Ndiye mwaminifu kuliko sisi sote, na umemsikia." Lorna akaweka kikombe juu ya dashibodi. "Sitaki kufuli, Agafia. Nataka mikono itoke kwenye mabegi. Jumatano asubuhi nipe jibu. Usiponipa, napakia masanduku, na Wassillie atajifunza kutumia meno."

*

Agafia alikwenda kwa Evon Jumapili baada ya kanisa. Alimkuta nje, anakwangua theluji kwenye ngazi, na glavu zile mikononi zinang'aa kama mpya.

"Mama wa zipu!" Evon akamlaki. "Nimesikia ulipika chai kwa soksi. Ladha yake ilikuwaje?"

"Evon kaka yangu, sina uso. Nimekuja kuomba hizo glavu."

Evon aliacha kukwangua. Akazitazama glavu, akamtazama Agafia, na akaanza kucheka taratibu, tumbo likianza kabla ya mdomo.

"Unataka zawadi ya nyota irudi?"

"Hazikuwa zangu. Nilizitoa kwenye begi la ndege."

"Mimi sikupewa na begi, nilipewa na wewe. Nilikula supu yako, nikaimba nyumbani kwako mpaka koo likakauka. Ukichukua glavu, na mimi nikurudishie supu? Nitaitoa wapi?" Akatikisa kichwa. "Hapana, dada. Zawadi ya nyota hairudi mlangoni ilikotoka. Ninaweza kumpa mtu mwingine mwenye shida, hiyo sawa. Hata leo. Nitajie mtu."

"Mtu?"

"Mtu. Mgeni. Yeyote ambaye nyota imempita na mikono yake mitupu."

Agafia alifungua mdomo amwambie kwamba hamna mtu, ni begi tu. Akaufunga. Akasimama pale theluji inamlia chini ya viatu, na Evon akamngoja, maana mtu aliyezoea kubeba nyota amezoea kungoja milangoni.

"Evon," alisema mwishowe. "Nyota inamalizia wapi Jumanne?"

"Nyumba ya padri, kama kawaida."

"Kabla ya kwa padri, mje bandani kwetu. Kuna wageni kule miaka yote hamjawahi kuwaimbia."

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Lorna, akamweleza akiwa amesimama. Lorna alisugua sikio lake nusu, akasema, "Hilo ni jibu au ni ibada?"

"Jumanne utajua. Lete na masanduku yako. Fungua yote."

"Kwa jino lipi?"

*

Jumanne mchana mlango mkubwa wa banda ulifunguliwa na nyota ikaingia, kubwa kama gurudumu la trekta, inazunguka mikononi mwa Evon na riboni zake zinameta, waimbaji nyuma yake na mvuke wa pumzi zao juu yao kama wingu. Waliimba kwa lugha ya kanisa la zamani, wakaimba kwa Kiyupik, lugha yao ya nyumbani, wakaimba kwa Kiingereza, na mabati ya banda yakaitikia. Kwenye mstari wa mbele, mahali anapokaa mgeni wa heshima, kulikuwa na viti, na kwenye kila kiti begi moja, zipu wazi, limekaa wima kama mzee aliyekuja harusini.

Watoto wakacheka. Wakubwa nao wakacheka, halafu wakaona Agafia hacheki.

"Hawa ndio wageni wetu," alisema nyimbo zilipokwisha. "Wanalala kwenye baridi mwaka mzima, ndani ya ndege, hawajawahi kulalamika. Kila Slaviq sisi tunawavua nguo tuwavike wageni wengine. Nami nimo. Leo nyota imewafikia. Kwa hiyo leo wapewe, mbele ya nyota, na kila mtu aone."

Hakuna aliyesogea. Wengi waliangalia chini, wakikumbuka soksi walizovaa. Kisha Evon akampa mtu mwingine nyota aishike, akaenda kwenye begi la ndege nyekundu, akavua glavu, akaziingiza mfuko wa pembeni.

"Mgeni," aliliambia begi kwa uso mkavu kabisa, "hizi zitakufikisha Anchorage."

Banda likapasuka kwa kicheko, na baada ya hapo ikawa kama maji yaliyopata upenyo. Wassillie alivua viatu palepale, akavua soksi zake nzito, kisha akapigiwa kelele na wanawake wote kwamba mgeni hapewi soksi zinazonuka, akatoa pea mpya mfukoni alikokuwa ameificha tangu mwanzo. Lorna akamwaga vya masanduku yake mezani, vipya vyote, akavigawa begi kwa begi, na Agafia akapita nyuma yake anafunga mikia ya kamba. Rubani mmoja aliyekuwa hajulikani kwa ukarimu alileta mishumaa mitatu, uso mwekundu, akaitia begini haraka kama anayerudisha alichokula.

"Sasa," Evon akasema akichukua tena nyota, na safari hii hakuwa na mzaha, "aliyepewa na nyota hanyang'anywi. Mnajua hilo kabla hamjajua kusoma. Tuondoke, padri ana njaa."

Lorna alisimama kando ya Agafia, akawatazama wakitoka.

"Ibada," alisema.

"Jibu," alisema Agafia.

"Vyote viwili basi. Masanduku matupu utayafanyia nini?"

"Nitawekea samaki wa kuuza."

*

Jumatano asubuhi Agafia alivaa glavu zake, akaliburuta begi la ndege nyekundu nje, na lilikataa kwenda. Akavuta tena. Akamwita Wassillie, wakalipandisha kwenye mizani kwa pamoja, na sindano ikapita mstari mwekundu bila hata kuusalimia.

Akafungua. Baada ya watu kwenda kwa padri, inaelekea wengine walirudi. Juu ya kila alichopanga mwenyewe kulikuwa na samoni mkavu aliyefungwa kwa gazeti, biskuti ngumu pakiti nzima, sabuni, peremende, kalenda ya kanisa, birika la chai, na chini kabisa kopo kubwa la akutaq, mafuta na matunda yamepondwa vizuri, imeganda kama jiwe.

"Huyu mgeni atazuia ndege isipae," Wassillie alisema.

Agafia aliingiza mkono achukue birika, akasita. Mkono ukabaki hewani.

"Mwizi!" Wassillie akanong'ona kwa furaha.

"Nyamaza." Alifikiri kidogo, kisha akaanza kutoa, kitu kimoja kimoja, kwa makini. Kitakachomweka mtu hai kilibaki. Birika, sabuni na kalenda vilikwenda kwenye rafu ya banda, akaandika juu yake kwa chaki: MIZIGO YA WAGENI. Chakula kilichozidi alikiweka mikononi mwa mdogo wake.

"Kula."

"Chakula cha mgeni?"

"Begi halina mdomo. Wewe unao, mji wote unajua. Kula kwa niaba yake."

Wassillie alikwangua na kula akutaq kwa kijiko chenye mkia wa kamba, amesimama juu ya barafu, huku akisifia upishi wa mtu asiyemjua. Alipomaliza, Agafia alimwambia afumbe macho.

"Dada, ndege inangoja."

"Na mlima unangoja. Fumba. Vaa glavu za Evon. Fungua, toa jiko, liwashe."

Alifumba. Alipiga magoti, akapapasa, ngumi ikapata kitanzi, zipu ikafunguka. Glavu kubwa zilitembea begini bila haraka, zikatoa jiko, chupa, kopo. Mara moja tu alikosea, akakamata samoni badala ya njiti, na Agafia hakumsaidia wala hakucheka. Kichane kikawaka. Jiko likavuma. Wassillie akafumbua macho, akautazama moto ule muda mrefu kuliko mzaha unavyoruhusu.

"Mwaka jana," alisema, "laiti ningekuwa na begi kama hili."

"Sasa unalo. Zima jiko, ufunge begi tena kama lilivyokuwa. Wewe mwenyewe."

Alilifunga. Alilibeba mwenyewe mpaka kwenye ndege, akalifunga mkanda nyuma ya kiti chake, akalipigapiga mgongoni kama abiria mwenye wasiwasi. Lorna aliinua kidole gumba kutoka mlangoni. Ndege nyekundu ikakimbia juu ya barafu, ikainua pua, ikaelekea milimani, na sauti yake ikawa nyembamba, ikawa ya nzi, ikaisha.

Agafia alibaki anasikiliza mpaka hakubaki kitu cha kusikiliza. Kisha akavuta glavu zake zikae vizuri, akaingia bandani, akatoka akiburuta begi la pili.